Moyo Wangu Haukuwa na Pepo

Kina mama wenzangu, mimi ni Mwanakombo wa Kinondo. Kovu langu linaanzia chini ya kwapa la kushoto na kuzunguka hadi mgongoni. Anayetaka kuliona na aje, sioni haya.

Nilizaliwa mgonjwa. Nilipokuwa msichana mdogo, midomo yangu ilikuwa rangi ya zambarau, na ncha za vidole zilikuwa zimevimba mviringo. Nikitembea hatua thelathini, pumzi iliniishia. Nilichutama pale pale, hata mbele ya wageni wa heshima, mpaka kifua kilipotulia. Hakuna aliyenifundisha, mwili ulijua wenyewe. Watoto wenzangu waliniita Bi Chutama, nami niliwarushia mawe nikiwa nimechutama vilevile.

Bibi, mamake mama, alinipenda kuliko wajukuu wote. Aliamua kwamba nina pepo, na kwetu mwenye pepo hupigiwa kayamba, achezeshwe mpaka pepo aseme anachotaka. Mwaka uleule tuliopata uhuru, nikiwa na miaka kumi na minne, wanawake walinizunguka uani tangu asubuhi wakitikisa kayamba zao.

"Cheza, mwanangu, cheza!"

Nilicheza kwa heshima ya bibi. Moyo ulipiga mpaka nikausikia masikioni. Macho yakaingia giza, nikachutama.

"Amepanda! Pepo amepanda!" Wakapiga vigelegele, wakaniinua nicheze tena. Mara ya tatu sikuinuka. Nilijikojolea, na ulimi ukawa mweusi.

"Basi!" mama alipiga ukelele. "Mtaniulia mwanangu!"

Alinibeba mgongoni hadi barabarani, tukapata lori la nazi lililotufikisha hospitali ya Msambweni. Daktari alinisikiliza kifua kwa muda mrefu, kisha akamweleza mama: "Amezaliwa na moyo wenye tundu kati ya vyumba viwili vya chini. Mshipa mkuu umekaa juu ya tundu hilo, na njia ya damu kwenda mapafuni ni nyembamba. Nairobi yuko daktari anayeweza kuunganisha mshipa wa mkono na ule wa mapafu. Mtoto anaweza kufa mezani. Asipopasuliwa, hatafika miaka ishirini."

Bibi alikuja siku ya pili. "Mkimtia kisu, pepo atakasirika. Tumalize kayamba kwanza."

Nilikuwa sijawahi kumjibu mkubwa. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

"Ninakuheshimu, lakini sichezi tena. Kama ni kufa, nitakufa nikitibiwa."

Bibi alilia. Mama akatia kidole gumba kwenye karatasi ya daktari, maana baba alikuwa ameshafariki. Bibi akafuta machozi, akauliza, "Huko Nairobi kuna baridi?" Akavua leso aliyojitanda, akanifunika nayo.

Siwafichi, niliumia. Nilipozinduka kulikuwa na mpira umeingizwa ubavuni, unatoa maji yenye damu. Kukohoa kulikuwa mateso, na nesi akinilazimisha nikohoe nilimtukana kwa Kidigo, asijue ninachosema. Siku ya nne alinipa kioo. Midomo ilikuwa myekundu! Nilijitazama mpaka akaninyang'anya.

Sasa ni miaka kumi. Debe la maji siwezi kubeba, na sitaki kuhurumiwa kwa hilo. Mkono wangu wa kushoto hauna mpigo, kwa sababu mshipa wake unalisha mapafu. Nesi mgeni akiushika hushtuka, nami humwambia, "Bado sijafa, shika wa pili." Walionitabiria kaburi, wawili nimewapikia pilau ya hitima kwa mikono hii.

Namshukuru Mola, namshukuru mama, nawashukuru madaktari. Bibi simlaumu, alitumia dawa aliyoijua. Lakini nyinyi mmeshasikia. Mkimwona mtoto anachutama kila baada ya hatua chache na midomo imebadilika rangi, msimchezeshe. Mpelekeni hospitali siku hiyohiyo. Pepo, kama yupo, atangoja.