Alhamisi Katika Madaftari Mawili

Siku yangu ya kwanza kama mratibu wa uanagenzi, Mkuu wa Chuo pale Korogwe alinikabidhi madaftari mawili ya mahudhurio, moja la darasani, jingine la karakana. Wanagenzi wetu walijifunza kazi kwa mafundi wa Handeni, na kila Alhamisi walipanda basi kuja kusoma nadharia. Saa hizo za darasani ndizo zilizowapa krediti: zikikubaliwa, mtu akijiunga na stashahada harudii alichokwisha kukisoma.

Mimi sikupenda kuulizwaulizwa. Fundi Mhina, mwenye karakana ya kuchomelea, aliponiuliza siku za Alhamisi aandike nini kwenye daftari la karakana, nilimjibu juu juu, "Darasa nalo ni kazi. Weka alama ya yupo." Akaweka, mwaka mzima.

Mwanagenzi wake, Mwanaidi kutoka Misima, akaja kuomba kuingia mwaka wa pili wa stashahada. Mwalimu wa Taaluma akayafungua madaftari yote mawili mezani.

"Binti, Alhamisi hizi ulikuwa Korogwe au Handeni?"

"Nilikuwa darasani, mwalimu."

"Mbona fundi wako ameandika ulikuwa kwake? Huku ni kughushi."

Mwanaidi alijua nani alitoa agizo lile. Akanitazama, hakunitaja. Bila krediti angeanza upya, na baba yake alikwisha kusema kwamba akirudia mwaka atarudi shambani.

Baada ya miaka mingi chuoni, nilikuwa nimebakiza miezi michache nistaafu. Niliogopa, siwafichi. Mwalimu wa Taaluma akashika kalamu nyekundu azikate saa zile.

"Mwalimu, kosa ni langu," nikasema. "Fundi alifuata maneno yangu."

Mkuu wa Chuo akaitwa. "Mama, uko tayari kuyaandika hayo?"

"Niko tayari."

"Basi andika, utie saini."

Hata hivyo, Mwanaidi alihojiwa nadharia palepale, somo baada ya somo, ili ithibitike kwamba alisoma kweli. Nilikaa kwenye benchi la nje, nikimsikia akijibu, mwanzoni polepole, kisha kwa uhakika. Krediti zikapita zote. Mimi nikapewa barua ya onyo.

Ninyi mnaoanza kazi hii, msijibu swali la fundi mkiwa mmesimama mlangoni. Kaeni, msikilize, mwandike.

Siku ya kuniaga, risala ilisema nimetumikia chuo bila doa. Watu wakapiga makofi. Mwanaidi, aliyeketi na wenzake wa mwaka wa pili, akainamisha kichwa. Nikaitoa ile barua ya onyo mkobani, nikasimama, nikawasomea mwenyewe.