Mshipi wa Kuanikia Nguo

Nitasema kweli: ile fimbo ya kuvulia niliinunua kwa hasira. Mtu mwenye akili zake hununua kitu kama hicho taratibu, akakishika, akakipima mkononi, akaenda kwanza nyumbani kufikiri. Mimi nilikuwa nimechoka na baba.

Alikuwa amehamia kwangu Mbale, mtaa wa Nabuyonga, baada ya mama kufariki. Arobaini ikapita, miezi mitano ikapita, naye hakutoka kwenye kiti cha dirishani. Ugonjwa hakuwa nao. Mimi ni muuguzi. Nilimpima presha mwenyewe, nikampima sukari, nikampeleka kwa daktari, naye daktari akasema mzee huyu ni mzima kuliko sisi. Kitini alikula, kitini alisali, kitini aliiwasha redio na hakuisikiliza. Viatu vyake vyeusi vya polisi, ambavyo tangu utoto wangu sikuwahi kuviona na vumbi, vilikaa uvunguni vikaota ukungu. Yeye alishinda na ndara. Nikimwambia, "Baba, toka kidogo upunge upepo," ananijibu, "Upepo unaingia hapa hapa." Nilianza kuogopa kwamba atakufa akiwa mzima, na hofu yangu mimi, wanaonijua wanajua, hutoka kama ukali.

Mambo ya kuvua tuliyatoa Jinja, kambi ya polisi, nilikozaliwa. Baba alikuwa dereva wa mkubwa mmoja Mzungu ambaye kila Jumapili alipelekwa mtoni, Nile, pale maji yanapokimbia juu ya mawe. Baada ya kumsubiri garini Jumapili nyingi, baba akaanza kusimama karibu naye, kisha kumshikia vitu, mwisho akavua kumzidi. Mzungu alipoondoka alimwachia fimbo yake. Si uvuvi wa mnyoo, jamani. Ni wa nzi: unachukua manyoya ya jogoo, unayafunga kwa uzi kwenye ndoana ndogo mpaka samaki adhani ni mdudu ameanguka majini. Tulimtafuta kisinja, samaki wa maji ya kasi, mwenye midomo minene na maringo mengi. Kati ya watoto wote baba alinichukua mimi, kwa sababu, alisema, mimi peke yangu niliweza kufunga mdomo saa nzima. Dada zangu mpaka leo wanauliza alikuwa anamzungumzia nani.

Tukirudi, mshipi ulianikwa. Ulikuwa wa hariri, mwembamba, rangi ya chai ya maziwa, na ukikunjwa na maji ulioza. Kwa hiyo ulivutwa kutoka nguzo ya nyumba yetu hadi nguzo ya jirani. Baba anakaza upande mmoja, mama anapita na kitambaa chenye mafuta akiupangusa, huku akinung'unika kwamba yeye hakuolewa na samaki. Halafu vita vikatutoa kambini mbio, kila mtu na furushi lake. Fimbo ilibaki ukutani. Kwa miaka mingi hatukuwa na la kusema juu ya kuvua. Hata Kiswahili chenyewe, lugha yetu ya nyumbani, tulijifunza kukisema kwa sauti ya chini sokoni, maana ilikuwa lugha ya askari, na watu wakikisikia walikumbuka bunduki.

Basi mwaka ule nikatumwa Jinja kwenye semina ya siku tatu. Siku ya mwisho nikapita duka la vyuma na rangi la mzee mmoja wa Kihindi, miongoni mwa wale waliofukuzwa nchini zamani na sasa wamerudi kudai majengo yao. Pembeni, nyuma ya makopo ya rangi, zilisimama fimbo mbili za kuvulia nzi. Nilizitambua kabla sijajua nimezitambua. Miguu ikaingia yenyewe.

"Nimezileta kutoka Uingereza," alisema yule mzee. "Mimi pia mgonjwa wa huu ugonjwa."

Moja ilikuwa ya kahawia, nyembamba, na gurudumu dogo la kukunjia mshipi, limekwaruzika, la kawaida kabisa. Ya pili ilikuwa nyeusi, ndefu, nene, na gurudumu kubwa la fedha ambalo ukilizungusha linalia krrr duka zima linageuka.

"Mama, shika hii ndogo kwanza," aliniambia.

Niliishika. Mkono ulikubali palepale, mpaka nikaona haya, maana nilijidanganya kwamba ninamnunulia baba, kumbe na mimi nilikuwa na kiu yangu ya miaka yote hiyo. Lakini nikafikiri: baba ataitazama hii kitu ya kahawia, atasema weka huko, na ataendelea na dirisha lake. Nilitaka kitu asichoweza kukipuuza. Nikachukua ile inayolia.

Yule mzee akatikisa kichwa. "Sawa. Ikikukataa, irudishe ndani ya wiki mbili. Mimi napenda kila fimbo iende kwa mkono unaoifaa."

Nilifika nyumbani nimeibeba begani, watoto wa mtaani wakinifuata. Nikamwekea baba magotini. Nikalizungusha gurudumu, krrr. Akaitazama kama mtu anayeonyeshwa picha za harusi ya watu asiowajua.

"Nzuri," akasema. "Weka huko."

Niliingia jikoni nikalia, sikufichi. Kisha nikapangusa uso na kuamua kwamba kama yeye hataki, mimi nitavua. Nikaivuta fimbo hadi uani nijikumbushe kuutupa mshipi. Hapo ndipo nilipoutazama huo mshipi wenyewe: mnene, laini, rangi ya kijani kibichi, kamba kamili! Samaki gani mjinga kiasi hicho? Nikasema, yule mzee na upole wake wote ameniuzia gurudumu lenye kamba ya mbuzi. Nikaufungua wote nikautupa kwenye beseni, nikanunua sokoni uzi mwembamba wa nailoni, ule usioonekana majini, nikajiona fundi. Nikafunga nzi wa manyoya ya kuku wa jirani. Nikarusha. Nzi akanidondokea puani. Nikarusha kwa nguvu zaidi, akashika kilemba changu. Siku tatu nilirusha, banange, bega likavimba, na nzi hakuwahi kufika hata kwenye ua wa jirani. Nikasema mkono umekufa. Fimbo nikaisimamisha nyuma ya mlango.

Ile kamba ya kijani sikuitupa. Mimi ni mtoto wa kambini, hatutupi kamba. Waya wetu wa kuanikia ulikuwa unatia kutu kwenye nguo nyeupe, na mimi uniformu yangu ni nyeupe. Nikaifunga kamba kutoka mpapai hadi nguzo ya choo, nikaikunja mara mbili. Nashukuru sikuikata. Asubuhi ya Jumamosi nikaanika: uniformu, mashuka, kanzu mbili za baba. Nikarudi ndani kusonga uji.

Nikasikia kiti kimelia. Halafu mlango. Halafu sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu msibani, sauti ya gwaride:

"Nani ameanika nguo kwenye mshipi?"

Nilitoka na mwiko mkononi. Baba alikuwa katikati ya uwanja, na ndara zake, juani, anang'oa vibanio kimoja kimoja na kunitupia kanzu zake mwenyewe begani. Jirani akachungulia juu ya ua akapiga kelele, "Afande ametoka!" Baba hakumsikia.

"Ni kamba tu, baba. Ule mwembamba nimeufunga kwenye gurudumu."

"Kamba!" Akanigeukia. "Wewe nilikufundisha nini miaka yote ile? Nzi wa manyoya ana uzito gani? Hana. Hawezi kurushwa. Kinachorushwa ni mshipi, nzi anafuata nyuma. Ndiyo maana mnene. Sasa wanatengeneza kwa plastiki, zamani hariri, kazi ni ile ile. Umeutoa uzito wote ukautundikia shuka!"

Nilijitetea kidogo, kwa kuwa siwezi kutojitetea. Yeye alikuwa ameshafungua fundo la mpapai na kuupitisha mshipi katikati ya vidole, anatafuta palipokwaruzika. Ghafla akasimama. Mabega yakaanza kumtikisika, nami nikaangusha mwiko nikamkimbilia. Nikamkuta anacheka. Anacheka na machozi yanamtoka, yote pamoja.

"Mama yako," akasema. Jina hilo hakuwa amelitamka tangu tumzike. "Mama yako naye alianika kanga zake kwenye mshipi wangu. Wiki ya kwanza ya ndoa. Kanga mbili mbichi, mshipi ukakatika. Sikumsemesha siku nne. Siku ya tano nikamkuta amekaa mlangoni anaufunga vipande kwa meno." Akajifuta kwa mkono wa shati. "Siku nne, mwanangu. Siku nne zote hizo nilizitupa bure."

Nilimshika mkono tukalia pamoja.

Akanituma nikalete fimbo. Aliiweka na gurudumu lake juu ya kidole kimoja, mbele kidogo ya mshiko. Ikaanguka upande wa gurudumu. Akaiweka tena, ikaanguka tena. "Umenunua kelele," akasema. "Fimbo na gurudumu vinatakiwa vitulie hapa kwenye kidole, vyote viwili. Hii itakuvunja mkono kabla ya saa sita. Hakukuwa na nyingine?"

"Ilikuwepo. Ya kahawia, ndogo."

"Uliishika?"

"Niliishika."

"Mkono ulisemaje?"

Nikainamisha kichwa. Akaguna. Akanipa mwisho wa mshipi, akarudi nyuma hadi kwenye nguzo ya choo, akaukaza. Nilijua kazi yangu bila kuambiwa. Nilifunga mwisho wangu kwenye mpapai, nikaleta kitambaa na mafuta ya kupikia kidogo, nikapita nikipangusa kutoka kwangu kwenda kwake, na nilipomfikia akasema mama yangu alikuwa mpole zaidi, nisiukamue. Mshipi wa plastiki hauhitaji mafuta. Yeye alijua, nami baadaye nilijua, na hakuna aliyesema.

"Gari la kwanza la Jinja linaondoka saa ngapi?" akauliza.

"Saa moja asubuhi."

Jumatatu nilikuwa na zamu ya mchana, kwa hiyo nilipanga tuende kesho yake, Jumapili, tukaibadilishe fimbo. Saa kumi na mbili niliamka kumpikia chai. Nilimkuta ameshasimama mlangoni, fimbo imefungwa kwenye shuka, viatu vyeusi vinanuka kiwi, ananiuliza kwa nini nachelewa.