Neno Lililopindua Boti Yetu

Chuo chetu cha watu wazima huku Sweden, upande wa Bredäng, kilikuwa kimeshindwa na chuo cha Kista katika mbio za makasia miaka miwili mfululizo, na wenzetu wa Kista hawakuwa watu wa kushinda wakanyamaza. Tukikutana nao kwenye treni, wanatupigia makasia ya hewani. Roho iliniuma kweli, maana mshika usukani nilikuwa mimi, na mdomo ninao.

Wapiga makasia wangu walikuwa wanne: Warundi wawili, Mkenya mmoja, na baba mmoja wa Bukavu aliyefanya usafi uwanja wa ndege. Akimaliza zamu anapanda treni kituo cha Märsta, anakuja mazoezini moja kwa moja. Aliwahi kuniambia kwamba tangu afike Sweden, mahali pekee anapochelewa watu wakamngoja ni kwenye boti ile. Tuliamua amri zote ziwe za Kiswahili ili Kista wasijue tunapanga nini. Ujanja huo ulikuwa wangu, nikavimba kichwa.

Siku ya mbio, tulipofika kwenye boya la kugeuzia, Kista wakatukatia njia. Wapiga makasia hukaa wameipa mgongo safari. Anayeona mbele ni mshika usukani peke yake. Mazoezini neno la kusitisha makasia lilikuwa "acha". Siku hiyo hofu ilinishika, nikapiga kelele, "Simama! Simama!"

Sasa, baba wa Bukavu alikuwa mwanakwaya. Kanisani kwao neno hilo likitamkwa, watu huinuka. Akainuka. Boti ikalala ubavu, sote tukaingia majini na majaketi yetu ya kuelea, na Kista wakaenda zao wakishangilia.

Tukakata rufaa kwamba tulikatiwa njia. Mwamuzi, Mswidi mpole, akauliza kwa nini mtu wetu alisimama. Wenzangu walionisikia wakanitazama, wakaniachia mimi niseme. Nikatazama viatu vyangu vilivyojaa maji. Baba wa watu akajibu mwenyewe, kwa Kiswidi cha kuungaunga, kwamba aliogopa tu. Rufaa ikatupwa.

Wiki iliyofuata darasa lilikaa kupiga kura: baba wa Bukavu abaki kwenye boti au atolewe? Wengi walikuwa watu wa nchi nyingine, Kiswahili hawakijui, na walichoona wao ni mtu mzima aliyesimama ndani ya boti. Mmoja akasema mzee hana utulivu. Yeye alikuwa amekaa pembeni yangu, kofia magotini, anaitikia kwa kichwa kana kwamba anasemwa mtu mwingine. Nilijichukia.

"Baba," nikamnong'oneza, "nitawaambia ni mimi."

Akanishika mkono. "Dada, simama. Achaka ile mambo. Watakufukuza weye."

Alitaka ninyamaze, na safari hii neno lile nililielewa vizuri. Nikasimama. Darasa zima likanigeukia, nikasema kwa Kiswidi kwamba amri ilikuwa yangu, neno halikuwa lile tulilokubaliana, na yeye alitii tu.

Usukani wakaninyang'anya siku hiyo hiyo. Mwaka uliofuata Kista walishinda tena. Mimi nilitazama kutoka ufukweni. Yeye alikuwa kwenye boti.