Samadi Iliyopigwa Mnada Kanisani

Jamani, haya sijawahi kuyasimulia hata kwenye kikoba chetu cha akina mama, maana nikikumbuka tu masikio yanawaka kwa aibu, lakini leo acha niseme, mkitaka kunicheka nichekeni.

Mama mkwe wangu anakaa Zagayu, na ana maneno huyo! Kila akija hapa Bariadi akanikuta nanunua mboga anaguna, "Ninyi wa mjini, hata mchicha wa kununua?" Iliniuma. Mume wangu, Baba Kulwa, ni mlinzi, mshahara wake mnaujua, basi nikasema liwalo na liwe, nalima hapa hapa uani kwenye nyumba ya kupanga: ndoo zilizopasuka, beseni bovu, mifuko ya saruji, mbegu nimekamua kwenye nyanya zilizooza (hapo bado, msicheke). Nilitaka siku moja anikute na mboga zangu anyamaze. Kilichobaki ni mbolea, na ya bure ipo zizini kwake yeye mwenyewe.

Nikaenda Zagayu, eti kumsalimia. Akanipa kiroba cha mchele nikitoe kanisani kwetu Jumapili ya mavuno kwa jina lake, na yeye atakuja. Sasa kumwomba samadi nikaona aibu, kwa hiyo alipokwenda kuteka maji nikaizoa ile kavu, nikaipepeta, nikaishindilia kwenye kiroba cheupe kama kile cha mchele na kukishona vizuri, konda asije akanishusha njiani. Nilijiona mjanja kweli!

Jumapili asubuhi nikadeki, nikavihamisha viroba, nikasahau kwamba nimevihamisha, nikamwambia Baba Kulwa abebe kilichoko mlangoni. Akabeba.

Baada ya ibada mnada ukaanza nje. Kuku wakaenda, maboga yakaenda, kikaja kiroba chetu. Mzee wa kanisa aliyekuwa ananadi akataja jina la mama mkwe, akakipigapiga, "Mchele wa Zagayu huu, ukipikwa jirani hali kwake!" Bei ikapanda, mama mkwe kainua shingo, mpaka mama mmoja wa kwaya akasema yeye hanunui kitu asichokiona. Wakavuta uzi. Samadi ikamwagika kwenye viatu vya mchungaji.

Mtu nyuma akapaza sauti, "Haa! Mavi!"

Watu walicheka, wee! Lakini macho yote kwa mama mkwe, kana kwamba yeye ndiye kamdhihaki Mungu, naye kainamisha kichwa. Sikuweza kuvumilia. Nikasimama nikasema, "Ni mimi. Mchele wa mama uko nyumbani. Hiyo ni samadi nimeiba zizini kwake, nilitaka kulima mboga, nikaona aibu kumwomba."

Mama mkwe akaja polepole, akachota kiganjani, akanusa.

"Umeipepeta mwenyewe?"

"Ndiyo, mayu, mama yangu."

Akamgeukia yule mzee. "Mbona umenyamaza? Nadi!"

Akainua mkono yeye wa kwanza, na nani angethubutu kushindana naye? Akanunua samadi ya ng'ombe wake mwenyewe, akanitwisha mbele ya kanisa zima, akasema, "Kapande." Baba Kulwa huyo, mbio kufuata mchele.

Nimeapa: nisipokuwa na kitu, naomba, siibi tena. (Wanakwaya wananiita Mama Samadi, na ninaitika.) Nyanya zangu za kwanza nilimpikia yeye. Alikula sahani nzima, akaifuta kwa ugali, akasema chumvi imezidi.

Nikamwongezea sahani nyingine.