Sanduku la Dawa na Kufuli Lake

Mjukuu wangu na wenzake walipotaka kupanda mlima Lutindi wakalale kwenye mahema, niliwaambia sanduku la huduma ya kwanza nitalipanga mwenyewe, na kwenda nitakwenda nalo. Siwaamini vijana. Nikatia bandeji, pamba, plasta na spiriti, kisha nikapiga kufuli jipya wasije wakachezea.

Mlimani, wa kwanza kuanguka nikawa mimi, maana viatu vyao nilivikataa nikavaa ndala zangu. Goti likachanika, damu ikashuka mpaka unyayoni.

"Bibi, ufunguo uko wapi?"

Nikapekua mkoba, nikapekua kifuani, hakuna. Nikasema umebaki nyumbani Handeni. Mjukuu akaokota jiwe avunje kufuli, nikamkemea, "Jipya hilo!" Basi akachana kanga yangu ya mabegani anifunge goti. Pindoni akakuta fundo.

"Na hapa umefunga nini?"

"Hayakuhusu. Wewe funga!"

Njia nzima nilimsema. Kila hatua kitu kilinichoma gotini, nikawaambia wenzake huyu hata kufunga kidonda hajui, sijui shule kasomea nini.

Tulipofika penye mahema akanifungua ile kanga, akalifungua na lile fundo. Ufunguo ukadondoka kwenye majani.

"Shikamoo, daktari," akasema.

Wenzake walikuwa wameinama, mabega yanawatikisika.

"Marahaba," nikajibu. "Sasa fungua sanduku."