Mguu Ambao Mwahija Hakuukanda

Mwezi wa saba, kipupwe kinapoingia Kilwa, mafuta ya nazi huganda chupani. Mwahija binti Salumu hana shida na hilo. Akishaswali alfajiri huifutika chupa yake kiunoni, ndani ya kanga, na mpaka afike kwa anayemngoja mafuta yamekuwa maji tena. Watu wa Masoko wamezoea kumwona akipita na kile kiuvimbe ubavuni. Wakimuuliza amebeba nini, hujibu, "Mtoto wa uzeeni."

Ana miaka sitini na mmoja na ni mkandaji. Kazi aliipokea kwa mama yake, aliyekuwa akiwakanda wazazi siku arobaini baada ya kujifungua na kuwarudisha kwa waume zao wakiwa wamenyooka. Mwahija naye hukanda wazazi, migongo iliyochoka na jembe, na shingo zilizolala vibaya. Hana kibao mlangoni. Viganja vyake ni vidogo, na wanaomwita mara ya kwanza huvitazama kwa mashaka mpaka vinapowagusa.

Lipo jambo moja ambalo hakumwambia mtu. Miaka kumi na miwili iliyopita aliitwa Kikole kwa bibi mmoja aliyekuwa amepasuliwa nyonga. Mguu wa bibi yule ulikuwa baridi na umekufa ganzi. Mwahija aliukanda siku tatu, asubuhi na jioni, kwa mafuta ya moto. Siku ya nne mguu ukawa mweusi, na kabla ya wiki kwisha bibi akafariki. Wenyewe walisema ni kudra, wakamshukuru, wakampa na mahindi. Yeye mahindi yale aliyagawa njiani, hakufika nayo nyumbani.

Suleiman ni mdogo wake, kitinda mimba wa mama yao. Hununua ufuta, huzunguka na pikipiki Kiranjeranje mpaka Njinjo, na ni mtu wa maneno mengi. Moyo wake una ugonjwa: hupiga, huruka, hupiga mara mbili kwa pamoja. Kwa ajili hiyo alipewa vidonge vya kuzuia damu isigande, akavimeza miaka mitatu. Mwaka huu alikwenda kupasuliwa busha, ambalo nyumbani kwa adabu waliliita mzigo. Daktari alimwambia asimamishe vidonge siku tano kabla ya kisu, asije akavuja damu nyingi, kisha akishapasuliwa aanze tena siku atakayoambiwa. Kusimamisha alisimamisha. Siku ya kuanza ilipofika muuguzi alimwambia, naye akaitikia vizuri. Lakini mzigo ulikuwa umeshatuliwa, kidonda kimekauka, anatembea. Akaona habari ya dawa imekwisha pamoja na busha.

Siku ya nane tangu apasuliwe, saa mbili na nusu asubuhi, mkewe Ziada alimfuata Mwahija mwenyewe, kwa miguu, ushungi umekaa upande.

"Wifi, twende na mafuta. Mdogo wako mguu umekufa ganzi."

"Tangu lini?"

"Tangu jua linatoka. Ulianza kuuma kama umekatwa na panga, sasa haumi, umekuwa gogo. Nimemkanda kwa maji ya moto, anasema hasikii moto."

Mwahija alifutika chupa, akamfuata.

Suleiman alikuwa amekaa kitandani, mguu wa kushoto umenyooshwa mbele yake kama kitu cha kuazima.

"Shikamoo dada. Usinitazame hivyo, sijafa."

"Marahaba. Lete miguu."

"Mbovu ni mmoja."

"Nimesema miguu."

Ndivyo anavyoanza siku zote. Hushika miguu yote miwili kwa mara moja, mkono huu na mkono huu, akakaa kimya kidogo kabla ya kukanda. Mguu wa kulia ulikuwa na joto la mtu. Wa kushoto ulikuwa baridi kuanzia chini ya goti, baridi ya samaki aliyetolewa kwenye barafu, na wayo wake umepauka kama umepakwa majivu. Alimbonyeza kidole gumba. Palipobonyea pakabaki peupe, damu haikurudi. Kisha akatafuta juu ya mguu, pale panapopita mshipa mdogo ambao vidole vyake vimeujua miaka arobaini bila kuupa jina. Wa kulia ulikuwa ukipiga, ukiruka, ukipiga. Wa kushoto haukuwa na kitu. Akasogeza kidole, akangoja, akasogeza tena.

Mafuta aliyokwisha kujimiminia kiganjani aliyafuta kwenye kanga.

"Huu sikandi," alisema. "Ziada, tafuta bajaji. Anakwenda hospitali."

Suleiman alicheka. "Dada, damu imeganda tu. Si kipupwe hiki? Hata mafuta yako yanaganda. Yayeyushe huko, uyeyushe na huku."

"Sikandi, Suleiman."

"Wifi," Ziada alisema, na sauti yake sasa ilikuwa imebadilika, "miguu ya Masoko nzima unaikanda. Ya wasiokujua hata jina. Huu wa mtoto wa mama yako ndio unaokutia kinyaa?"

Mwahija alikuwa akitafuta shati la mdogo wake nyuma ya mlango. Suleiman alimwona analitafuta, na kicheko kikamtoka usoni.

"Nikienda kule wataukata. Unajua wataukata. Nitaendeshaje pikipiki, nitafikaje Njinjo? Ukandaji wa siku mbili, dada. Ukishindikana nitakwenda."

"Siku mbili hakuna."

"Basi sikia. Wakiukata, wewe ndiye uliyeukata. Nitasema hivyo mpaka nife."

"Sawa," Mwahija alisema. "Vaa shati."

Hospitalini waliwakuta watu wengi kwenye mabenchi. Mwahija alipita mbele yao bila kuomba radhi, jambo ambalo si tabia yake, akamwambia muuguzi wa mlangoni kwamba ana mtu aliyepasuliwa wiki iliyopita na mguu wake haupigi. Neno hilo, haupigi, liliwafungulia mlango.

Tabibu alikuwa kijana mmoja aitwaye Nikodemo, mwenyeji wa Masasi. Aligusa pale pale alipogusa Mwahija. Kisha akaleta kile kidude wanachosikilizia mapigo ya watoto tumboni, akakiweka juu ya mguu wa kulia. Kikavuma, kikakatika, kikavuma. Akakihamishia wa kushoto. Kikanyamaza. Ziada, aliyezaa watoto wanne na kukisikia kile kidude kikivuma mara zote nne, alijishika kichwa.

"Vidonge vya moyo unameza?" Nikodemo aliuliza.

"Nilisimamisha. Niliambiwa."

"Na kuanza?"

Suleiman alitazama dari.

Wakamchoma sindano ya kuzuia damu isizidi kuganda, na simu ikapigwa hospitali kubwa. Wakati gari linaandaliwa, Nikodemo aliwaeleza Ziada na Mwahija. Moyo usiopiga sawasawa huacha damu ituame pembeni, na iliyotuama huganda. Mtu akipasuliwa, damu yake huganda upesi zaidi kwa siku kadhaa, maana mwili unajitahidi kuziba kidonda. Huyu hakuwa na dawa ya kuizuia. Inaelekea kipande kimetoka moyoni, kikasafiri na mshipa unaopeleka damu mguuni, kikafika penye wembamba kikakwama.

"Kwa hiyo damu imeganda," Mwahija alisema. "Hata yeye alisema hivyo."

"Imeganda, bi mkubwa. Ila si kama mafuta. Hairudi kuwa maji kwa kupashwa moto. Hapo imeziba njia, na nyama iliyo mbele yake haipati chochote. Kila saa inayopita inakufa."

Mwahija aliuliza, bila kumtazama, "Mtu akiukanda mguu kama huu siku tatu?"

"Yupo uliyemkanda?"

"Nauliza."

Kijana aliipanga sauti yake. "Si kukanda kulikoleta ugonjwa. Lakini siku tatu ni nyingi."

"Haya," Mwahija alisema.

Gari liliondoka na Suleiman na Ziada. Nafasi ya tatu haikuwepo. Mwahija alirudi nyumbani kwa miguu. Alasiri akakumbuka kwamba ana mzazi wa kumkanda, Warda, mke wa jirani. Chupa ilikuwa imewekwa chini tangu asubuhi na mafuta yameganda meupe. Aliifutika kiunoni, akaenda, akamkanda Warda mgongo wote. Warda alisema baadaye kwamba siku ile mikono ya bibi ilikuwa mizito, na simu yake aliiweka juu ya kinu kilichopinduliwa, karibu naye, asije akaikosa.

Simu ililia kesho yake adhuhuri.

"Wamekitoa kipande," Ziada alisema. "Mguu upo. Vidole bado hawajui kama vitapona."

Wakati wa kumrudisha nyumbani vilikuwa vimejulikana. Viwili vidogo vya mwisho havikupona, wakavikata.

Mwahija alikwenda kumtazama siku ya tatu tangu arudi. Suleiman alikuwa barazani, mguu juu ya kiti, amekonda.

"Shikamoo dada. Viwili hivi umenikata wewe."

"Marahaba. Nimesikia."

"Nilisema nitasema mpaka nife."

"Sema."

Akakaa karibu naye. Ziada alileta chai, akamwekea wifi yake kikombe kwanza, kabla ya mumewe, akarudi ndani.

"Sasa unikande," Suleiman alisema. "Kidogo tu, shavu la mguu. Limekaza."

"Daktari kasema?"

"Hajasema."

"Basi sikandi."

Hata hivyo alinyoosha mikono, akashika miguu yote miwili kama anavyofanya siku zote. Yote ilikuwa na joto. Akaweka kidole juu ya ule wa kushoto, palepale, akangoja. Ukapiga. Ukaruka. Ukapiga mara mbili kwa pamoja.

Hakuondoa kidole.

"Umemeza leo?"

Suleiman alifungua mdomo kutaka kufanya mzaha, akauona uso wa dada yake, akaufunga.

"Nimemeza," alisema. "Muulize Ziada."

"Ziada," Mwahija aliita.