Tromboni ya Tatu

Nakumbuka Jumamosi moja ya mwaka wangu wa pili kazini, wazazi wameketi kwenye viti vya darasani chini ya turubai, nami nimesimama mbele ya bendi ya shule na kijiti mkononi, nikijiona mkubwa kuliko wote waliokuwa pale. Mwanangu, nimesikia umepewa bendi ya wanafunzi uiongoze, na kwamba siku hizi unapekua karatasi za muziki ukitafuta utakachowapa. Ndiyo maana nakuandikia. Kabla hujachagua, keti kidogo nikueleze nilivyochagua mimi.

Ilikuwa miaka ya themanini. Shule yenyewe ilikuwa nje kidogo ya Kisumu, upande wa kuelekea Katito, na ilikuwa na wavulana na wasichana. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne tu, cheti cha ualimu sina, ila tarumbeta nilijua, kwa sababu nililelewa katika bendi ya kanisa. Mwalimu mgeni aliyefundisha muziki kabla yangu alirudi kwao akatuachia vyombo na sanduku la karatasi. Humo sandukuni mlikuwa na nyimbo za jazz zilizopangwa kwa bendi kubwa: tarumbeta nne, tromboni nne, saksofoni tano, halafu piano, gitaa, besi na dramu. Kila mpigaji na karatasi yake. Na wimbo ni ule ule, lakini unaweza kupangwa kwa wepesi mtoto akaupiga huku anatabasamu, au ukapangwa kwa ugumu hata mtu mzima akalowa jasho. Kazi ya mwalimu ni kuchagua mpangilio unaowafaa watu alio nao.

Unajua nilichagua vipi? Nilichagua kwa wino. Nilizitandaza karatasi mezani nikatafuta ule mpangilio uliojaa noti nyeusi kuliko yote. Tarumbeta ya kwanza ilipanda mahali ambapo mimi mwenyewe nilifika kwa bahati tu. Nikasema, huu ndio. Sikuwawaza watoto. Niliwaza shule moja ya mjini ambayo bendi yake ilisifiwa sana, nikataka mwalimu wao apate habari zangu.

Tulifanya mazoezi miezi miwili. Wanne walishindwa kabisa. Mmoja wao alikuwa Nafula, msichana wa kidato cha pili aliyepewa tromboni ya tatu, kiti cha nyuma. Badala ya kubadili wimbo, siku ya kuamkia Siku ya Wazazi niliwaita hao wanne nyuma ya maabara nikawaambia, "Kesho mtashika vyombo, mtavisogeza kama wenzenu, lakini msipulize."

Nafula akauliza, "Hata kidogo, Mwalimu?"

"Hata kidogo."

Halafu kulikuwa na jambo la neno lenyewe, jazz. Mwalimu mkuu wetu, Madam Auma, alikuwa amewatangazia wazazi kwamba watoto watapiga jazz. Kwetu huku, mwanangu, jazz ilikuwa magitaa matamu, dramu, saksofoni ikijibu kwa nyuma, na watu kucheza mpaka vumbi linapanda. Bendi zetu za dansi ndizo zilizojiita jazz. Kwa hiyo wazazi walikuja tayari. Kuna akina mama waliokwisha kufunga leso kiunoni kabla sijainua kijiti.

Tukaanza. Kufika ukurasa wa pili, saksofoni zilikuwa zimetangulia, tromboni zimebaki nyuma, na tarumbeta ya kwanza inalia kama breki za lori la miwa. Niliendelea kupunga kijiti kama mtu anayefukuza nzi. Tulimaliza kila mmoja kwa wakati wake. Ndipo mzee mmoja wa safu ya nyuma akasema kwa sauti, bila ubaya wowote, "Sawa, wametune vyombo, yatosha. Sasa waanze!"

Turubai zima likaangua kicheko. Hata mpiga dramu wangu alicheka.

Hilo ningelivumilia. Lililonichoma lilikuja baadaye, wakati wa soda. Mama yake Nafula, mchuuzi wa samaki aliyetoka Port Victoria siku hiyo kuja kumsikia bintiye, alinifuata huku amemshika mtoto mkono.

"Mwalimu, nimemwangalia huyu tangu mwanzo mpaka mwisho. Mashavu yake hayakuvimba hata mara moja. Ni mgonjwa?"

"Ana mafua, Mama," nikasema.

Mama akamgeukia mtoto. "Ni kweli una mafua?"

Nafula alinitazama mara moja tu. "Ndiyo, Mama. Mafua."

Mtoto wa watu akamdanganya mamake ili kunisetiri mimi. Nimeongoza mambo mengi vibaya maishani, lakini hilo ndilo ninalolikumbuka ninaponawa uso.

Jumatatu Madam Auma aliniita ofisini. Hakupayuka. "Mwalimu, nakupa nafasi moja zaidi, siku ya kufunga shule, muhula wa tatu. Wakirudia vile, vyombo vinaingia stoo na hiyo saa yenu naipa somo la hesabu." Nilitoka pale nikijua kwamba watoto wa bendi nzima wangepoteza kitu walichokipenda kuliko wali wa Jumapili, na sababu ni mimi.

Sasa, Madam alikuwa ameshaagiza makoti ya bendi kabla ya aibu ile, na fundi cherehani akaja wiki hiyo kupima. Alikuwa Mzee Ogola, mtu mwembamba mwenye miwani iliyofungwa uzi, aliyewahi kupiga saksofoni katika bendi za dansi ujanani mwake, Kisumu hadi Kampala. Upimaji wake sijauona kwa fundi mwingine. Alimzungushia mtoto utepe kifuani, kisha akasema, "Vuta pumzi. Jaza. Ongeza!" Ndipo akaandika.

"Koti la mpulizaji halipimwi akiwa ametulia," alinieleza. "Likimbana kifua, unalisikia kwenye wimbo."

Alipofika kwa Nafula, naye akajaza pumzi, utepe ulimteleza Mzee vidoleni. Akacheka. "Aa, huyu kifua chake ni ghala! Mwalimu, anapiga nini huyu?"

"Tromboni ya tatu."

"Hebu tumsikie."

Nikasita. Nafula akajibu mwenyewe, kwa adabu, "Mimi huwa sipulizi, Mzee. Nashika tu."

"Nani alisema ushike tu?"

Msichana akatazama viatu vyake. Nikasema, "Ni mimi."

Mzee Ogola alikunja utepe wake taratibu. "Watoto, nendeni mkanywe maji." Alingoja mpaka wa mwisho alipotoka, maana hakutaka kunivunjia heshima mbele yao. Kisha akaomba kuona karatasi. Aliishika ya tarumbeta ya kwanza mbali na macho, kama anasoma bango.

"Hii wino yote ni ya nini, omera? Hapa mtu atapumua wapi?"

"Ni mpangilio wa hali ya juu, Jaduong'," nikajitetea. Ndivyo tunavyomwita mzee wa heshima, kama yeye alivyoniita omera, yaani ndugu.

"Mimi nampima mtoto, ndipo nakata kitambaa. Wewe umeshona koti kwanza, halafu unamfukuza mwenye mabega makubwa." Akaweka karatasi mezani. "Na ukamwambia mtoto mwenye kifua kama kile anyamaze mbele ya mamake. Omera, hapo ulikosa."

Nilifungua sanduku nikamwomba anisaidie.

Ungemwona akichagua! Hakugusa karatasi za tarumbeta ya kwanza. Kwa kila wimbo alitafuta karatasi ya tromboni ya tatu, akaiimba kwa sauti ya puani, palepale kwenye dawati. Kama ilikuwa noti moja tu inayorudiwa kujaza nafasi, wimbo mzima ulirudi sandukuni. Kama ilikuwa na neno la kusema, aliuweka kando. Mwishowe ukabaki mpangilio mmoja, mwembamba, kurasa mbili, noti chache kama mihogo iliyokosa mvua. Lakini katikati, tarumbeta zilinyamaza na tromboni zote nne zilibeba wimbo.

Niliona haya. "Jaduong', huu ni mwepesi mno. Wale wa mjini watanicheka."

"Wale wa mjini ndio watakaopuliza?"

Tukaanza upya. Mzee Ogola alikataza mtu yeyote kugusa chombo wiki nzima ya kwanza. Kila mtoto aliimba sehemu yake kwa mdomo, na penye kushindwa kupumua tukaweka alama ya penseli. Noti za juu zilizowakaba wapiga tarumbeta tulizishusha. Piano hatukuwa nayo, kwa hiyo Ouma, mpiga gitaa, akapewa sehemu ya piano. Mara ya kwanza aliipiga kwa woga, akihesabu kwa midomo. Mzee akamsimamisha. "Kijana, acha kupiga kama uko kwenye mtihani. Kwenu kukiwa na arusi mnapigaje?"

Ouma akatazama huku na huku, akapiga kama kwao. Dramu ikamfuata. Besi ikaingia. Mwanangu, zile noti za wageni ziliketi juu ya mdundo wetu kana kwamba zilikuwa zikiutafuta siku zote! Wapiga saksofoni wakaanza kuyumbisha mabega bila kuambiwa, na mimi nikajikuta nimeweka kijiti chini, maana hakikuhitajika.

Siku ya kufunga shule mama yake Nafula alikuja tena, safari hii na shoga zake wawili wa sokoni. Nilimfuata kabla hatujaanza. "Mama, siku ile mtoto hakuwa na mafua. Nilimkataza kupuliza kwa sababu nilichagua wimbo uliomshinda. Na yeye alidanganya kwa ajili yangu. Nisamehe."

Alitikisa kichwa. "Mwalimu, mimi nauza samaki, uongo naunusa. Mafua yasiyo na kikohozi wala kamasi nitakosa kuyajua?" Shoga zake wakacheka. "Nilingoja tu uje useme. Haya, nenda. Leo nataka kumsikia wangu."

Akasikia. Tulipofika katikati, tarumbeta zikanyamaza, na tromboni nne zikatoka na wimbo, nzito, tamu, na ya Nafula ndiyo iliyozishikilia nyingine zisiteleze. Mama alisimama akapiga kigelegele kilichotupotezea mdundo kidogo, lakini Ouma akaurudisha. Kufikia hapo viti vilikuwa vimesukumwa pembeni. Akina baba walicheza na fimbo zao. Madam Auma alicheza na Mzee Ogola, na kumbe mwalimu mkuu alijua kucheza! Tulirudia wimbo ule mara tatu, kwa sababu hatukuwa na mwingine, na hakuna aliyejali. Mwishoni Madam alinijia akihema, kiatu kimoja mkononi, akasema, "Saa ya hesabu itafutiwe pengine."

Ni furaha ambayo bado inanitosha. Lakini sitakuficha lililobaki. Kati ya wale wanne niliowanyamazisha, watatu walirudi. Wa nne, mvulana wa Muhoroni, aliacha bendi baada ya ile Siku ya Wazazi, na nilipomwendea alisema kwa upole kwamba amezoea kukaa kimya. Muhula uliofuata alihamia shule nyingine. Sijui kama alishika chombo tena. Nimezeeka nikimwomba msamaha mahali asiponisikia.

Basi nakuusia hivi, mwanangu. Usichague wimbo kwa ajili ya sikio la mwalimu mwenzako. Kabla hujafungua sanduku, jua nani ana pumzi, nani ana woga, nani amejifunza muziki kwao. Kisha soma kwanza karatasi ya yule anayeketi nyuma; kama hana la kusema humo, tafuta wimbo mwingine, hata kama huo wa kwanza ni mzuri vipi. Usiogope karatasi nyeupe, maana humo ndimo watoto wanamopumua. Acha mdundo wa nyumbani uingie. Na usimwambie mtoto yeyote, kwa sababu yoyote, ajifanye anapiga. Ukikosea, na utakosea, kiri mapema, wakati aliyekosewa bado yuko mbele yako.

Mungu akupe subira katika mazoezi na unyenyekevu siku ya makofi. Vyombo vyako visishike kutu, midomo ya watoto wako isipasuke, na kila jina lililo kwenye orodha yako liwe na sauti yake. Baraka zangu zikufuate.